Mkate Ulioliwa Kabla ya Haja

Wazee wa ng'ambo walikuwa wameshateremka nusu ya kilima, mmoja nyuma ya mwingine kwenye njia nyembamba, na bado hakuna bunduki iliyolia.

Wazhma alikuwa juu ya paa, akigeuza mahindi yaliyoanikwa. Mahindi yenyewe hayakuhitaji kugeuzwa. Alikuwa akisubiri mlio. Posa ikikubaliwa mtu hufyatua risasi hewani, na bonde zima huanza kuulizana ni binti wa nani. Leo ulisikika mto tu, na mbwa wa jirani.

Wa mwisho kushuka alikuwa Bostan, ami yake Lawang aliyetumwa kumposea, mwili kama gunia la ngano, akijifuta ndevu kwa ncha ya kilemba. Alitembea polepole kama mtu aliyeshiba. Na kule ng'ambo, kwenye ukingo wa mto, alisimama mtu mwenye shati jeupe. Wazhma hakuhitaji kuuona uso. Alimwona mtu yule akiwatazama wazee wanavyokuja mikono mitupu, kisha akakaa juu ya jiwe, taratibu, kama aliyekatwa miguu.

Mama yake akachungulia kutoka ngazini.

"Shuka, mwanangu. Hayo mahindi yatajigeuza yenyewe."

"Wamesema nini, mama?"

"Hawakusema kitu. Walikula."

"Walikula?"

"Walikula, wakanawa, wakanywa chai. Ndipo yule mnene akakumbuka kilichomleta. Baba yako akamwambia, 'Bostan, karibu tena siku nyingine.' Basi, yakaisha."

Wazhma akakaa palepale juu ya mahindi. Katika bonde lile hata mtoto anajua: mtu mwenye haja hagusi mkate wa mwenyeji mpaka ajibiwe. Anakaa kimya, mkate unapoa mbele yake, na aibu ya mkate ule kupoa ndiyo inayomsukuma mwenyeji kuitika. Akishautia mdomoni, haja yake imekwisha. Amekuwa mgeni kama wageni wengine, ashukuru na aende zake.

"Watu wa ng'ambo ni watu wa tumbo," mama akasema, akipanda na kukaa karibu naye. "Mimi nasema alhamdulillahi. Baba yako hana mtoto mwingine ila wewe, na Zmarak ni mtoto wa ami yako, yuko ukuta wa pili. Ukikohoa nitasikia. Tukimaliza kuvuna, ami yako mkubwa atakuja kumposea, na yule ana adabu ya kukaa na njaa."

"Zmarak huyo nimemfuta kamasi, mama."

"Sasa ana ndevu."

"Kamasi ziko palepale, chini ya ndevu."

Mama akageuza uso upande wa milima ili asionekane anacheka.

Siku ya pili Wazhma alikwenda kuokota jozi na shangazi yake, Torpekai. Shangazi alikuwa mjane, dada wa baba, aliyerudi nyumbani baada ya mumewe kufa, na ulimi wake ulikuwa haujawahi kufiwa na mtu. Miti ya jozi ilijipanga kando ya mfereji wa maji. Kwao Lawang walikuwa na kishamba cha viazi upande huu wa mto, na zamu yao ya maji ilikuwa alasiri ile. Kwa hiyo Lawang alipotokea juu ya mfereji na koleo begani, hakuna ambaye angeweza kusema amekuja kwa jambo jingine.

Alisimama upande wa pili wa maji, akawapa mgongo, akaanza kuchimba tope ambalo halikuwepo.

"Sikilizeni," Torpekai akasema, akipasua ganda kwa jiwe. "Mimi nipo hapa, kwa hiyo hakuna anayezungumza na mtu. Kila mmoja anazungumza na mimi."

Wazhma hakusubiri. "Shangazi, mwambie huyo mwenye koleo kwamba nimeposwa na tumbo."

"Kasema kaposwa na tumbo."

"Nimesikia," mgongo ukajibu. "Shangazi, mwambie sikulala usiku kucha."

"Mwambie mimi nililala fofofo."

"Mwongo huyu," Torpekai akamwambia Lawang. "Kanipiga mateke mpaka alfajiri. Endelea."

"Mwambie Ami Bostan analia tangu jana. Leo asubuhi amekataa hata chai."

"Leo ndiyo kajua kukataa!" Wazhma akapaza sauti.

"Mwambie pia," Lawang akasema, na koleo likatulia, "kwamba nimeongea na dereva wa lori la mbao. Siku theluji inaanza kushuka mlimani, na mimi nashuka mjini kutafuta kazi. Sitaki kuwepo hapa bunduki ikilia kwa jina la Zmarak."

Jozi moja, bado katika ganda lake la kijani, ikaruka juu ya mfereji na kumpata katikati ya mgongo.

"Hilo nalo nimfikishie?" Torpekai akauliza.

"Nenda!" Wazhma akasema, na sasa hakuzungumza tena na shangazi. "Panda lori lako. Mwanaume akishindwa na posa moja, hana haja ya mke, ana haja ya usafiri. Nenda, Lawang."

Alipotaja jina, Lawang akageuka.

Walikuwa hawajatazamana kwa karibu hivyo tangu walipokuwa wadogo wakichunga mbuzi mlima mmoja. Tangu hapo ilikuwa ni shati jeupe ng'ambo ya mto, mtandio mwekundu juu ya paa, sauti ya mtu anayeita mbuzi wake kwa nguvu kuliko mbuzi walivyohitaji. Sasa maji tu ndiyo yaliyokuwa kati yao, na maji yenyewe hata mbuzi mchanga angeyaruka. Lawang alikuwa na macho ya rangi ya chai nyepesi, na chini ya macho palikuwa na weusi wa mtu ambaye kweli hakulala. Wazhma akahisi hasira yake inamponyoka, akaishikilia kwa nguvu, ikaponyoka vilevile.

Akaificha mikono yake chini ya mtandio. Maganda mabichi ya jozi yalikuwa yameitia weusi mpaka kwenye vifundo.

"Usiifiche," Lawang akasema.

"Imechafuka."

"Nimeiona ikiwa michafu kuliko hivyo. Uliwahi kunilisha tope."

"Ulikula mwenyewe. Nyinyi kwenu mnakula kila kitu." Kisha sauti yake ikashuka. "Nani aliwaambia mle, Lawang?"

"Baba yako."

"Baba yangu?"

"Sikuwepo, lakini nimewauliza wazee wote, mmoja mmoja. Wanasema hata salamu hazijaisha, hawajauliza bado hali ya ng'ombe, kitambaa kimetandikwa na nyama hiyo imeingia. Baba yako mwenyewe alichukua ubavu, akamtia ami yangu mkononi. 'Kula, Bostan, kabla haijapoa.' Ami yangu ana makosa yake, Mungu anajua. Lakini mwenyeji akutie nyama mkononi, ufanye nini? Umrudishie?"

Wazhma akapapasa kidole chake chini ya mtandio. Alikumbuka baba yake alivyoingia jikoni jana, jambo asilolifanya kamwe, akasimama juu ya moshi akisema, haraka, binti yangu, haraka, wageni wana njaa. Naye kwa furaha yake alikimbia, akaunguza hata kidole, ili nyama ifike mapema.

Torpekai aliacha kupasua jozi. Alimtazama mpwa wake kwa muda, kisha akatazama mto, asiseme kitu, na kwa Torpekai hilo halikuwa jambo dogo.

"Ijumaa baba anaita msaragambo wa mahindi," Wazhma akasema.

"Nimesikia mpiga ngoma akitangaza."

"Utakuja."

"Na aibu hii yote?"

"Msaragambo ni kazi ya wote, hauna aibu. Hata aliyegombana na mwenyeji anakuja na mundu wake. Utakata mahindi. Kazi ikiisha, kitambaa kitatandikwa. Wewe hutakula."

Lawang akakuna shingo. "Nifanye kazi tangu asubuhi, halafu nisile?"

"Ndiyo."

"Nani anapika?"

"Mimi."

Akafumba macho kama mtu aliyesomewa hukumu. "Basi nisaidie. Zidisha chumvi. Mkate utoe haujaiva."

"Nitapika kama sijawahi kupika. Kila mtu aone unakataa nini."

"Una roho mbaya, wewe."

"Ndiyo niliyo nayo. Unaitaka au huitaki?"

"Naitaka," Lawang akasema, na hakulisema kwa shangazi.

"Mimi sijasikia kitu," Torpekai akasema, akiokota tena jiwe lake. "Masikio yangu yamejaa maji ya mfereji. Nenda kamwagilie viazi vyako kabla zamu haijaisha."

Jioni ile, kabla jua halijazama nyuma ya ukuta, Mirajan, baba yake Wazhma, alikuwa uani akinoa miundu ya msaragambo. Alikuwa mtu mkavu, mrefu, ndevu zimeanza kuwa nyeupe upande mmoja tu. Wazhma akamwekea chai ya kijani yenye iliki, akabaki amesimama.

"Baba. Ulipeleka chakula mapema."

Jiwe likasimama juu ya makali.

"Wageni walikuwa wametoka mbali."

"Wametoka ng'ambo, baba. Wakipiga chafya tunawasikia."

"Walikuwa na njaa."

"Baba."

Mirajan akaweka mundu chini. Alichukua chai, akaipuliza ingawa haikuwa ya moto sana, akairudisha bila kuinywa.

"Yule kijana hana kosa," akasema hatimaye. "Angekuwa mvuta bangi, au mvivu, ingekuwa rahisi. Ningemkataa mchana kweupe. Kosa lake ni nyumba yake ilipo."

"Naiona nyumba yake kutoka kwenye paa letu."

"Unaiona, ndiyo. Bibi yako naye alikuwa akiiona nyumba ya Torpekai kutoka kwenye paa hilohilo. Njia ikajaa theluji, mawe ya mto yakawa kioo, bibi yako akafa. Shangazi yako alisimama ng'ambo kule, anaona moshi wa maji tunayochemsha kumwosha mama yake. Anaona jeneza linatoka. Mpaka avuke, kaburi lilikuwa limeshaota nyasi. Mimi ndiye niliyetaka aolewe kule. Na tangu amerudi hajawahi kunilaumu hata siku moja. Afadhali angenilaumu."

Wazhma akachuchumaa mbele yake, akaishika mikono ile mikavu kwa mikono yake myeusi.

"Ukinipa Zmarak nitakuwa ukuta wa pili," akasema. "Utanisikia nikikohoa. Utanisikia nikilia pia, baba. Kila siku, si wakati wa theluji tu."

 Mirajan alichukua mundu, akaendelea kunoa, na alinoa ule mmoja mpaka ukakaribia kwisha.

Ijumaa baada ya sala ya alfajiri watu walishuka shambani kwa mstari, ngoma mbele. Ngoma ya msaragambo haina huruma: ikienda mbio, miundu inaenda mbio, na anayebaki nyuma anaitwa bibi harusi mpaka jioni. Lawang alikata safu yake, akaingia safu ya mzee aliyekuwa kando yake, akaikata pia. Hakuna aliyemsemesha. Zmarak alikuwa mbali kidogo, akikata na kulalamikia mgongo. Ami Bostan naye alikuja, akivuja jasho kama birika, na kila mtindi ulipopitishwa aliuangalia ukipita kama mtu anayesindikiza maiti ya mpenzi wake.

Alasiri ilipokwisha, wote walinawa na kuketi katika hujra, chumba cha wageni cha Mirajan. Kitambaa kikatandikwa. Wazhma alisimama nyuma ya mlango wa ndani, jicho kwenye ufa. Kutoka pale aliiona kazi yake yote ikiingia: wali wenye zabibu kavu na karoti, kondoo aliyeiva mpaka nyama inaachana na mfupa kwa kutazamwa, vitunguu vya majani, samli inayotetemeka bakulini, na mkate wa mahindi, wa moto, wenye kuungua kidogo pembeni kama Lawang alivyoupenda tangu utotoni.

"Bismillahi," Mirajan akasema. "Karibuni."

Mikono ikanyooka. Kisha, mmoja baada ya mwingine, ikarudi. Lawang alikuwa amekaa mikono juu ya magoti. Na kando yake Ami Bostan vilevile, macho yamefumbwa kabisa, midomo ikitetemeka.

"Kula, kijana," Mirajan akasema.

"Nitakula, baba. Nina haja kwanza."

 Ami mkubwa, baba yake Zmarak, akakohoa. "Huu ni msaragambo. Msaragambo haubebi posa. Jambo hili halijawahi kuonekana."

"Ni kweli," akasema mzee aliyesaidiwa safu yake. "Na mwenyeji kupeleka nyama kabla ya salamu kwisha, nalo lilionekana lini?"

Mirajan akainamisha macho. Masikio yake yakawa mekundu.

"Mirajan," Ami Bostan akasema bila kufumbua macho, "mimi ni mnene, si mjinga. Juzi nilijua. Nilijua nikauma vilevile, na tangu siku ile kijana huyu hajaninenea hata neno moja baya. Nimekuja kukaa na njaa mpaka nife. Na kwa harufu hii, ndugu zangu, sina muda mrefu."

Mtu akacheka. Ami mkubwa hakucheka. "Mtoto wangu yuko hapa," akasema. "Damu yake na ya binti ni moja."

"Baba," Zmarak akasema kwa sauti ya njaa, "mbona mimi sijaulizwa? Alinipiga jiwe tukiwa wadogo, kovu hili hapa. Namheshimu kama dada. Namwogopa kama dada. Mpeni mwenzangu tule."

Chumba kizima kikapasuka kwa kicheko, na baba yake akampiga kofi la kisogo ambalo halikuwa na uchungu mwingi. Lakini Mirajan hakuwa anacheka, wala Lawang. Walikuwa wanatazamana juu ya mkate unaotoa mvuke, na mvuke ulikuwa unapungua.

"Theluji inafunga njia," Mirajan akasema polepole, kana kwamba wako wawili tu.

"Najua, baba."

"Unaniahidi nini?"

Nyuma ya mlango Wazhma aliweka sikio kwenye ufa. Alijua wanaume huahidi nini mbele za watu.

"Mto siwezi kukuahidi," Lawang akasema. "Mto si wangu. Nikikwambia nitamvusha kila utakapomtaka, nitakuwa nimekudanganya ndani ya nyumba yako. Ninachoweza kusema ni hiki: njia ikifunguka, nyayo za kwanza zitakuwa zake na zangu. Na ikitokea haikufunguka kwa wakati, hiyo lawama ni yangu. Wewe umeshabeba moja. Hii ya pili nitaibeba mimi."

Mlango wa ndani ulisikika ukigongwa kidogo. Si Wazhma aliyeugonga. Ni Torpekai, aliyekuwa amesimama nyuma yake muda wote, na ambaye aliegemeza paji la uso kwenye mbao na kusema kwa sauti ya kawaida, lakini ya kusikika:

"Kaka, mkate unapoa."

 Mirajan alifunga macho kidogo. Kisha akanyoosha mkono, akachukua mkate wa mahindi, akaumega, akauchovya katika samli, akamtia Lawang mkononi.

"Kula," akasema. "Nimesikia."

"Kasema kasikia!" Ami Bostan akapiga kelele, na kabla sauti haijafika dari ubavu wa kondoo ulikuwa mkononi mwake. Mtu alikuwa ameshatoka nje na bunduki. Mlio ukapanda mlima mmoja, ukarudi kutoka mlima wa pili. Lawang alitafuna mkate huku machozi yakimshuka, na waliokuwa karibu wakajifanya ni vitunguu.

Nyuma ya mlango Wazhma aliketi sakafuni, akafunika uso kwa mikono yake yote miwili. Mama yake akaja kumwinua, akamwona anacheka, naye akakaa chini kando yake na kulia kwa niaba ya wote wawili.

Harusi ilifanyika baada ya theluji kuyeyuka. Zmarak alioa mwanamke wa mjini, akafungua duka la kuziba matairi. Hakurudi tena kulima. Baba yake alinuna mwaka mmoja, kisha akaacha. Ami Bostan aliugua sukari na daktari akamkataza nyama. Alimtii daktari kwa muda. Torpekai hakuolewa tena, ingawa aliposwa. Mama yake Wazhma alifariki kwa homa ya mapafu, na binti yake alikuwepo.

Wazhma na Lawang walipata watoto watano, mmoja alikufa mdogo. Wanagombana asubuhi na kupatana kabla ya adhuhuri. Kuna miaka walivuka mapema, kuna miaka njia ilifungwa mpaka majani yakachipua.

Mirajan alipobaki bila mke aliuza ng'ombe, akamwachia kaka yake shamba, akahamia ng'ambo. Kwao mwanaume kwenda kuishi kwa mkwewe ni aibu, na watu walisema sana, hata msikitini. Aliwasikia. Alikaa huko mpaka alipokufa, na huko ndiko alikozikwa.